Namna ya Kukagua Saa ya Mazoezi: Mapigo ya Moyo na Kalori

Saa ya mazoezi huonyesha mapigo ya moyo na kalori kwenye kioo kimoja, kwa tarakimu za ukubwa mmoja, na mvaaji huishia kuziamini zote mbili kwa kiasi kilekile. Hata hivyo tarakimu hizo hazina asili moja. Ya kwanza ni kipimo: kuna mwanga unaoingia ngozini na kurudi, na mabadiliko ya mwanga huo huhesabiwa. Ya pili ni kadirio linalotokana na kipimo hicho, likachanganywa na umri, uzito, urefu na jinsia uliyoiambia saa siku ulipoiwasha kwa mara ya kwanza, kisha likapitishwa kwenye kanuni ambayo mtengenezaji haiweki wazi. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuikagua ile ya kwanza kwa vidole vyako mwenyewe, na namna ya kuipunguzia imani ile ya pili bila kuitupa.

Tofauti hiyo ilidhihirika mwaka 2017, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford cha Marekani walipochapisha matokeo ya kuwapima watu 60 waliovaa vifaa saba vya aina mbalimbali wakiwa wameketi, wakitembea, wakikimbia na wakiendesha baiskeli. Vifaa sita kati ya saba vilipata mapigo ya moyo kwa kosa lisilozidi asilimia 5. Kwenye kalori hakikufaulu hata kimoja: kilichokuwa bora kuliko vingine kilikosea kwa wastani wa asilimia 27, na kilichokuwa cha mwisho kilikosea kwa asilimia 93. Vifaa vimeboreshwa tangu wakati huo, hasa upande wa mapigo, lakini chanzo kikubwa cha kupotoka kwa kalori hakikuwa ubovu wa kifaa, na kwa hiyo hakiondoki kwa kununua kifaa kipya.

Kwanza fahamu saa inatazama nini

Geuza saa uangalie mgongo wake. Utaona vitaa vya kijani vinavyomulika, na karibu navyo kijicho cheusi kinachopokea mwanga. Damu hunyonya mwanga wa kijani. Moyo unapopiga, mishipa midogo iliyo chini ya ngozi hujaa damu kidogo zaidi, mwanga mwingi humezwa, na ule unaorudi kwenye kijicho hupungua. Kati ya pigo moja na jingine damu hupungua mishipani na mwanga unaorudi huongezeka. Saa huhesabu huko kupanda na kushuka, kisha hutoa wastani wa sekunde kadhaa zilizopita na kuuandika kuwa mapigo kwa dakika.

Maana yake ni kwamba saa haiusikii moyo bali inaitazama damu, tena ikiwa mbali na moyo, kwenye kiungo ambacho hakitulii. Saa inayocheza mkononi, msuli unaokazwa na kulegezwa, mwanga wa jua unaopenya ukingoni, baridi inayobana mishipa ya ngozi, wino wa tatuu: kila kimoja hubadilisha mwanga unaorudi, na programu iliyo ndani ya saa hulazimika kuamua lipi ni pigo la moyo na lipi ni kelele. Inapoamua vibaya haikuambii. Huandika namba tu, kwa maandishi safi kama kawaida, na huenda hilo ndilo jambo gumu kuliko yote katika kuvitumia vifaa hivi, kwa sababu namba mbovu na namba nzuri hufanana sura.

Hatua ya 1: Ivae mahali panapostahili

Tafuta kifupa kinachochomoza kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole kidogo. Saa isikae juu ya kifupa hicho wala chini yake kuelekea kiganjani. Isogeze juu kuelekea kwenye kiwiko kwa upana wa kidole kimoja, na wakati wa mazoezi vidole viwili au hata vitatu. Huko nyama ni nene zaidi, mkono unakunjika kidogo, na mgongo wa saa hulala bapa juu ya ngozi.

Kisha kaza mkanda kiasi kwamba ukiisukuma saa kwa kidole ngozi inakwenda nayo, wala saa haiteleziki peke yake. Usikaze hadi vidole vianze kufa ganzi au saa iache shimo jekundu lisilofutika, kwa maana mkanda unaobana mno huzuia damu yenyewe ambayo saa inataka kuiona. Baada ya mazoezi legeza tundu moja. Futa mgongo wa saa kwa kitambaa laini chenye unyevu, kwa sababu jasho lililokauka na mafuta ya kujipaka hutengeneza utando juu ya kijicho.

Mwenye tatuu nzito kwenye kifundo ahamishie saa mkono wa pili. Mwenye kuanza mazoezi katika baridi apashe mwili joto kwa dakika kumi kabla ya kuzingatia namba yoyote, kwani mishipa iliyojikunja huipa saa kitu kidogo sana cha kutazama.

Swali la rangi ya ngozi linahitaji kujibiwa bila kuzunguka. Rangi asilia ya ngozi, melanini, nayo hunyonya mwanga wa kijani, na utafiti ule wa Stanford ulikuta makosa yakiongezeka kwa watu wenye ngozi nyeusi zaidi. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, pia cha Marekani, walipima watu 53 wa rangi mbalimbali za ngozi na hawakuona tofauti ya maana iliyotokana na rangi. Walichokiona ni tofauti kati ya kifaa na kifaa, na makosa yaliyokuwa makubwa kwa wastani wa asilimia 30 wakati wa mazoezi kuliko wakati wa kupumzika. Tafiti mbili haziwezi kukuambia saa yako inafanya nini juu ya ngozi yako. Hatua mbili zinazofuata zinaweza.

Hatua ya 2: Hesabu kwa vidole ukiwa umetulia

Keti kwenye kiti, egemea, na ukae kimya kwa dakika tano. Weka mkono mmoja mapajani, kiganja kikitazama juu, kisha kwa mkono wa pili weka kidole cha shahada na cha kati kwenye kibonde kilicho chini ya kidole gumba, kati ya mfupa na ule mshipa mgumu wa msuli. Gandamiza taratibu hadi usikie pigo. Usitumie kidole gumba kupimia, kwa kuwa kina pigo lake chenyewe na utajikuta unajihesabu mara mbili.

Sasa hesabu kwa sekunde 60 kamili, ukitumia saa ya ukutani au simu kupima muda, huku ukiyafumbia macho mapigo yanayoonyeshwa kwenye saa yenyewe. Ukimaliza ndipo uiangalie. Andika namba zote mbili, pumzika dakika moja, rudia mara mbili zaidi. Watu wengi hukimbilia kuhesabu kwa sekunde 15 na kuzidisha kwa 4, na kosa la njia hiyo ni la hesabu tu: pigo moja ulilolikosa linakuwa mapigo manne. Ukihesabu dakika nzima, pigo moja hubaki pigo moja.

Ukiwa umetulia, tofauti ya mapigo mawili au matatu haina neno. Ikifika matano, kagua mkanda na urudie. Ikizidi hapo kila mara, hata baada ya kubadilisha mkono, kifaa hicho hakikufai wewe, hata kama kinamfaa aliyekusifia.

Zingatia pia kile vidole vinachosikia, mbali na hesabu yenyewe. Mapigo yakija kwa mpangilio usio sawa, yakiruka, yakikimbizana na kusita, jambo hilo ni la kupeleka kwa daktari ili upimwe umeme wa moyo, na namba ya saa isikutulize wala kukutisha, maana wastani unaweza kuonyesha 76 nzuri kabisa juu ya moyo unaopiga ovyo. Saa zenye uwezo wa kuchukua mchoro wa umeme wa moyo kwa kugusa kitufe zinaweza kumsaidia daktari kuona mpangilio wa mapigo, lakini hazigundui shambulio la moyo. Mwenye maumivu ya kifua, kizunguzungu kikali au kukosa pumzi asitazame saa. Atafute msaada wa tiba mara moja.

Hatua ya 3: Hesabu tena moyo ukiwa juu

Jaribio la kutulia ni rahisi, na saa nyingi hulifaulu. Jaribio lenye maana hufanyika katikati ya zoezi. Kabla ya kuanza, washa hali ya mazoezi kwenye saa yako, kwa kuwa nje ya hali hiyo vifaa vingi hupima kila baada ya dakika kadhaa ili kulinda betri, na namba unayoiona inaweza kuwa ya kale. Kimbia au panda ngazi kwa kasi moja isiyobadilika kwa dakika sita hadi nane, kisha simama ghafla, soma namba ya saa, na papo hapo shika mshipa uhesabu kwa sekunde 15.

Hapa sekunde 15 ndizo zinazofaa, pamoja na dosari niliyoitaja, kwa sababu moyo huanza kushuka mara tu miguu inaposimama. Ukihesabu dakika nzima utakuwa umepima kupumzika. Zidisha kwa 4. Hesabu yako yenyewe inaweza kukosea kwa mapigo manne hivi, kwa hiyo usiishitaki saa kwa tofauti ndogo kuliko hiyo. Mimi hukubali tofauti ya hadi asilimia 10, kwa maana nyingine mapigo 14 pale moyo unapokuwa 140, na hurudia jaribio kwa siku tatu tofauti kabla ya kutoa hukumu. Ukipata shida ya kuupata mshipa wa mkononi ukiwa unahema, tumia ule wa shingoni kando ya koo, upande mmoja tu na kwa mguso mwepesi. Usibane pande zote mbili kwa wakati mmoja.

Hatua ya 4: Jifunze kutambua namba za uongo

Asubuhi moja nilikuwa nakimbia polepole, kwa mwendo ambao ningeweza kusimulia hadithi nzima bila kuhema, saa ikaniambia moyo wangu unapiga mara 171. Nilisimama, nikashika mshipa, nikapata mapigo 32 kwa sekunde 15, yaani 128. Nilipoendelea kukimbia nilihesabu kitu kingine: idadi ya mara nyayo zangu zilipogusa ardhi. Zilikuwa 43 kwa sekunde 15, sawa na 172 kwa dakika. Saa ilikuwa inahesabu miguu yangu na kuiita moyo.

Kosa hilo ndilo la kawaida kuliko yote kwa wakimbiaji, na chanzo chake ni kwamba kila hatua huutikisa mkono na damu iliyomo kwa mdundo wa mara kwa mara, ambao kwa kijicho cha saa hufanana sana na pigo. Mkimbiaji wa kawaida hupiga hatua kati ya 150 na 180 kwa dakika, kiwango ambacho pia ni mapigo ya mtu anayejikaza, hivyo namba inayotokea haishangazi na mtu huimeza. Dalili zake ni tatu: namba hupanda ghafla mwanzoni mwa zoezi badala ya kupanda taratibu, hubaki imeganda karibu na thamani moja kwa dakika nyingi, na haitikisiki hata unapopanda mlima. Kusogeza saa juu na kuikaza mara nyingi hulimaliza tatizo. Lisipoisha, simama kwa sekunde 20 ili saa ianze kutafuta upya.

Kosa la pili ni kuchelewa. Kwa kuwa saa hutoa wastani wa sekunde zilizopita, mtu anayekimbia kwa nguvu sekunde 30 na kupumzika sekunde 30 ataona kilele cha mapigo wakati ameshaanza kupumzika, tena kilele kilichopunguzwa kimo. Kwa mazoezi ya namna hiyo usiongozwe na saa; ongozwa na muda, kasi na jinsi unavyohema, kisha utazame mchoro mzima baadaye.

Kunyanyua vyuma ni hali ya tatu, na hapa saa ya mkononi hushindwa kwa sababu ya umbile la mkono wenyewe. Ukishika chuma kwa nguvu, misuli ya mkono hukaza na kubana mishipa, kifundo hukunjika, saa hunyanyuka upande mmoja na mwanga wa nje huingia. Utaona 95 wakati moyo uko 140. Kuendesha baiskeli kwenye njia yenye mashimo huleta shida ya jamaa hiyo hiyo, ilhali baiskeli iliyosimama ndani ya nyumba, mikono ikiwa imetulia, ndiyo iliyotoa matokeo mazuri kuliko mazoezi yote kwenye utafiti wa Stanford.

Hatua ya 5: Amua kama unahitaji mkanda wa kifuani

Mkanda wa kifuani hautazami damu. Hunasa umeme unaotolewa na moyo kila unapopiga, kwa kanuni ileile ya mashine ya hospitali ambayo Willem Einthoven wa Uholanzi alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1924 kwa kuugundua utaratibu wake. Kampuni ya Polar ya Finland iliuza kipimo cha kwanza cha namna hiyo kisicho na waya mwaka 1982, na hadi leo watafiti wanaotaka kukosoa saa za mkononi mara nyingi huzilinganisha na mkanda.

Anayetembea ili kulinda afya, au anayetaka kujua tu kama mapigo yake ya kupumzika yanashuka mwezi hadi mwezi, halazimiki kuwa nao. Anayefanya mazoezi ya kupokezana kasi na mapumziko, anayenyanyua vyuma na kutaka namba sahihi, au aliyeambiwa na daktari asivuke kiwango fulani cha mapigo, ni vema awe nao. Loanisha sehemu zake za kunasia umeme kwa maji kabla ya kuvaa. Ukiuvaa mkavu, dakika za kwanza kabla ya jasho zitakupa namba za ajabu, wakati mwingine zaidi ya 200, na utadhani mkanda umeharibika. Kuna pia bangili zenye mwanga zinazovaliwa juu ya kiwiko, ambazo ni suluhisho la katikati na huvumilia mtikisiko kuliko saa.

Hatua ya 6: Sahihisha taarifa ulizoipa saa

Fungua programu kwenye simu na utazame uzito, urefu, umri na mkono unaovalia saa. Hatua hii ni fupi lakini wengi huiruka kwa miaka. Aliyepungua kilo 12 bila kubadilisha uzito kwenye programu anahesabiwa kalori za mtu ambaye hayupo tena.

Tazama pia kiwango cha juu cha mapigo. Saa nyingi huanza na kanuni ya kutoa umri wako kwenye 220, ambayo ni ya tangu mwaka 1971 na ni rahisi kukumbuka, lakini huwapunja wazee. Kanuni iliyochapishwa mwaka 2001 huzidisha umri kwa 0.7 na kuutoa kwenye 208. Kwa mtu wa miaka 60 kanuni ya kwanza hutoa 160 na ya pili 166. Kwa kijana wa miaka 20, 200 na 194. Hata hiyo ya pili ni wastani wa watu wengi, na mtu mmoja mmoja huweza kupishana nayo kwa mapigo 10 au zaidi bila ugonjwa wowote. Kama umewahi kuona, kwa mkanda wa kifuani na kwa jitihada ya kweli, namba inayozidi kiwango kilichopangwa, andika namba yako badala ya ile ya kanuni, kwa sababu ngazi zote za mazoezi zinazoonyeshwa kwa rangi kwenye kioo hukatwa kutoka hapo.

Anayetumia dawa zinazoshusha kasi ya moyo, kama propranolol, atenolol au bisoprolol, ajue kwamba ngazi hizo na kalori zake zitakuwa chini kuliko kazi anayoifanya. Moyo wake umewekewa breki ambayo saa haiijui, na kiwango cha kufuata atakipata kwa daktari wake.

Hatua ya 7: Ifanyie kalori hesabu yako mwenyewe

Nishati ambayo mwili unaitumia hupimwa kwa kuangalia oksijeni inayotumika: kila lita moja ya oksijeni huambatana na takriban kalori 5. Maabara humvalisha mtu barakoa na kupima hewa anayoivuta na kuitoa. Saa haina barakoa. Inachukua mapigo ya moyo na kudhani kwamba yakipanda kiasi fulani, oksijeni nayo imepanda kiasi fulani, dhana ambayo ni nzuri kiasi pale mtu anapokimbia kwa kasi ya wastani na mbaya pale moyo unapopanda kwa sababu nyingine. Joto kali, kahawa, homa, usingizi pungufu, woga wa kusimama mbele ya watu: vyote huongeza mapigo bila kuongeza kazi ya misuli kwa kadiri hiyo. Isitoshe, watu wawili wenye uzito na umri mmoja, mmoja aliyezoea kukimbia na mwingine aliyeanza jana, hawatumii oksijeni sawa kwa mapigo 140. Ndiyo maana nimesema kifaa kipya hakitaliondoa tatizo.

Njia ya kujilinda ni kuwa na hesabu ya pembeni. Kwa kukimbia kwenye tambarare, kanuni ya mkono ni kalori 1 kwa kila kilo ya uzito kwa kila kilomita. Mwanamke wa kilo 65 akikimbia kilomita 5 atakuwa ametumia karibu kalori 325, awe amekimbia haraka au polepole, kwani kasi hubadilisha zaidi muda kuliko jumla. Saa ikimwambia 340, wamekubaliana vya kutosha. Ikimwambia 430, imeongeza karibu theluthi moja, na akiona hivyo kwa wiki kadhaa ana haki ya kuikata kila namba ya kukimbia kwa robo.

Kwa baiskeli ya mazoezi inayoonyesha wati, hesabu ni bora zaidi kwa kuwa kazi yenyewe imepimwa. Wati 150 kwa dakika 40 ni jouli 360,000, yaani kilojouli 360. Kalori moja ni kilojouli 4.184, lakini mwili hugeuza takriban robo tu ya nishati yake kuwa kazi ya kukanyaga na nyingine hupotea kama joto, kwa hiyo vile vigawanyo viwili vinakaribia kufutana na jibu linakuwa kama kalori 360. Wati zikisema 360 na saa ikasema 520, mimi huzifuata wati.

Kwa kunyanyua vyuma, yoga na kazi za nyumbani sina kanuni rahisi ya kukupa, na nashauri namba ya saa kwenye shughuli hizo isitumiwe kuamua chochote.

Hatua ya 8: Tenganisha kalori za jumla na za zoezi

Mwili hutumia nishati hata ukiwa umelala. Kanuni inayotumika sana, ya mwaka 1990, huchukua uzito mara 10, ikaongeza urefu wa sentimita mara 6.25, ikatoa umri mara 5, kisha huongeza 5 kwa mwanamume au kutoa 161 kwa mwanamke. Yule mwanamke wa kilo 65, akiwa na sentimita 163 na miaka 35, hupata karibu 1,333 kwa siku, ambayo ni kalori 55 au 56 kwa saa. Akitumia dakika 40 kukimbia zile kilomita 5, kalori 37 kati ya 325 angezitumia hata angebaki kitandani, na za zoezi lenyewe ni 288.

Vifaa vingine huonyesha jumla, vingine za zoezi, na vingine zote mbili kwa majina yanayochanganya. Tafuta ni ipi yako inaonyesha. Kosa linaloumiza hutokea pale programu ya kuhesabu chakula inapokuwa imeshakuwekea kiwango cha mtu mwenye shughuli nyingi, kisha saa ikaongeza juu yake kalori za mazoezi yaleyale. Zoezi moja linalipwa mara mbili, na mtu hushangaa uzito haushuki.

Hatua ya 9: Ilinganishe na mizani kwa wiki nne

Chagua wiki nne za kawaida, zisizo na safari wala ugonjwa. Pima uzito kila asubuhi baada ya kutoka msalani na kabla ya kula, andika, na utumie wastani wa wiki badala ya siku moja, kwani maji peke yake huweza kuusogeza uzito kwa kilo nzima kati ya jana na leo. Andika pia ulichokula na kalori za jumla zilizoonyeshwa na saa.

Tuseme saa na daftari la chakula vinaonyesha kwamba kwa siku 28 ulikula pungufu ya ulichotumia kwa kalori 400 kila siku. Hizo ni 11,200, na kwa kuwa kilo moja ya mafuta ya mwili hubeba takriban 7,700, ulitarajia kupungua karibu kilo 1.5. Mizani ikionyesha kilo 0.7, pengo lako halisi lilikuwa kama kalori 190 kwa siku, na zile 210 zilizobaki hazikuwepo. Huwezi kujua kwa hakika kama zilitiwa na saa au ziliachwa nje ya daftari la chakula, ambalo kwa kawaida huandikwa kwa mkono mwepesi, lakini huhitaji kujua: toa 210 kwenye jumla ya kila siku na uendelee. Saa inayokosea kwa kiasi kilekile kila siku ni saa unayoweza kufanya nayo kazi.

Kwa sababu hiyo usibadilishe kifaa katikati ya hesabu. Ukinunua saa nyingine, au ile ya zamani ikipata programu mpya, marekebisho yako ya awali hayahamii, kwani kanuni iliyo ndani huenda imebadilika. Rudia Hatua ya 2 na ya 3, vaa saa zote mbili kwa wiki moja, moja kila mkono, ukibadilishana mikono kila siku, na uandike tofauti yao kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari jipya.